Karakana za Meli za Whampoa na Taikoo, Hong Kong: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wetu tunaopita Hong Kong tukienda Guangzhou kufunga mzigo tunalala Chungking Mansions, tunabadilisha fedha, tunakula pilau ya Wapakistani, kesho yake tunapanda treni. Wachache wanaopata nafasi ya kutembea upande wa mashariki hadi Hung Hom hurudi wakiuliza jambo moja: ile meli iliyokwama katikati ya maghorofa ni ya nini? Ukilijibu swali hilo, mengine yanafuata kama samaki kwenye mshipi. Nimeyakusanya hapa.

Ile meli ya Hung Hom ni meli kweli?

Hapana. Ni jengo la zege lenye umbo la meli ya abiria, urefu wake kama mita 110, lililofunguliwa mwaka 1989. Ina omo, ina sitaha, ina bomba la moshi lisilotoa moshi, na ndani yake ni maduka. Mara ya kwanza nilipoiona nilidhani ni kanisa la dhehebu fulani. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba hapo ilipo palikuwa na karakana ya meli, na kwamba waliojenga nyumba waliona si vizuri kuondoa kila kitu bila kuacha hata sanamu.

Karakana hiyo ilianzaje, na jina Whampoa limetoka wapi?

Jina halikuzaliwa Hong Kong. Whampoa ni namna Wazungu wa zamani walivyolitamka na kuliandika jina Huangpu, mahali penye maji ya kutosha kwenye Mto Lulu, chini kidogo ya Guangzhou. Enzi za wafalme wa Qing meli za kigeni hazikuruhusiwa kusogea hadi mjini, kwa hiyo zilitia nanga Huangpu, na shehena ikamaliziwa safari kwa matishari. Meli iliyotoka Ulaya kwa miezi kadhaa hufika imechoka: mbao zinavuja, chini kumeota majani na kila aina ya kiumbe cha baharini. Mskochi mmoja, John Couper, aliiona hiyo riziki akawa na magudi yake pale, yaani mahali pa kupandishia meli na kuzitengeneza.

Mwaka 1856 vita ya pili ya kasumba, ya Waingereza na Wachina, ilipoanza, Couper alikamatwa na hakuonekana tena. Magudi yaliharibiwa. Mwanawe alilipwa fidia, akayajenga upya, kisha akayauza kwa kampuni iliyoundwa Hong Kong mwaka 1863. Waanzilishi wake walikuwa watu wa meli na watu wa biashara: Thomas Sutherland, aliyekuwa msimamizi wa kampuni ya meli ya P&O; Douglas Lapraik, mwenye meli; na nyumba ya biashara ya Jardine Matheson. Kampuni ikaitwa Hongkong and Whampoa Dock. Shika jina la Sutherland, kwa sababu miaka miwili baadaye, 1865, alikuwa pia nyuma ya kuanzishwa kwa benki inayojulikana leo kama HSBC, na benki hiyo itarudi kwenye kisa hiki zaidi ya karne moja mbele.

Kampuni ilinunua pia magudi ya Aberdeen, upande wa kusini wa kisiwa cha Hong Kong, yaliyojengwa na Mskochi mwingine aitwaye John Lamont. Mwaka 1870 ikaungana na kampuni iliyokuwa na magudi Hung Hom, ng'ambo ya bandari, kwenye rasi ya Kowloon ambayo Waingereza waliichukua mwaka 1860. Mwaka 1876 magudi ya Huangpu yenyewe yakauzwa kwa serikali ya Kichina ya Guangdong. Kuanzia hapo kampuni ilibaki na jina la mahali ambapo haikuwa na hata tofali.

Gudi ni nini, na lina tofauti gani na chelezo?

Watu wa Mwanza na Kisumu wanaruhusiwa kuruka jibu hili.

Chelezo ni mteremko unaoingia majini. Chombo kinavutwa juu yake kwa reli na kamba za chuma, kikiisha kutengenezwa kinateremshwa. Kinafaa vyombo vidogo na vya kati. Gudi ni shimo refu lililochimbwa ukingoni mwa bahari na kujengwa kwa mawe, kuta zake zikiwa na ngazi-ngazi, na upande wa bahari lina lango. Wanajaza maji, meli inaingia, lango linafungwa, pampu zinaanza kuvuta maji. Meli inashuka pole pole hadi mkuku wake, yaani uti wake wa chini kabisa, ukalie magogo yaliyopangwa sakafuni. Kazi ya kupanga magogo hayo ina wenyewe, maana yakikosewa kwa kiasi kidogo, uzito wote unaegemea mbavu mbili tatu na meli inapinda. Maji yakiisha, nguzo zinawekwa pembeni ili isilale, kisha mafundi wanaingia chini: wa kukwangua, wa rangi, wa mabati, wa rafadha na usukani.

Lipo pia gudi linaloelea. Hilo ni kama bakuli la chuma lenye kuta mbili. Linajazwa maji lizame, meli inaingia katikati, maji yanatolewa kwenye matumbo yake, linainuka na meli ikiwa mgongoni. Faida yake ni kwamba linaweza kuvutwa na kupelekwa kwingine. Gudi la mawe haliendi popote, na hilo lina maana kubwa kwenye mambo yaliyotokea Hong Kong.

Na Taikoo nayo?

Taikoo ni jina la Kichina la nyumba ya biashara ya Swire, Waingereza wenye asili ya Liverpool. Walikuwa na meli za mito na pwani za China, na tangu miaka ya 1880 walikuwa na kiwanda cha sukari Quarry Bay, kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Hong Kong. Walichoka kulipa wengine watengeneze meli zao. Ujenzi wa karakana yao, jirani na kiwanda cha sukari, ulianza mwaka 1902: wakakata kilima, udongo wakaumwaga baharini kupata uwanja, na gudi likachimbwa lenye urefu wa futi 787, yaani kama mita 240. Kazi ikaanza rasmi miaka ya 1907 na 1908.

Kwa hiyo bandari moja ikawa na mafahali wawili wanaotazamana, Whampoa kule Kowloon na Taikoo kisiwani. Whampoa nayo haikuwa ndogo. Gudi lake nambari moja pale Hung Hom, lililokamilika mwaka 1888, lilijengwa kwa makubaliano na jeshi la majini la Uingereza, lililotaka mahali pa kupandishia manowari zake huku Mashariki.

Walitengeneza meli za aina gani?

Za kila namna, isipokuwa zile kubwa sana. Matengenezo ndiyo yaliyolipa mishahara siku zote. Ujenzi wa meli mpya ulikuja na kuondoka kulingana na soko: meli za mizigo za pwani, meli za mtoni, tagi (boti za kuvutia meli), matishari, vivuko. Vivuko vya rangi ya kijani na nyeupe vya Star Ferry unavyopanda leo kutoka Tsim Sha Tsui kwenda Central, vingi vilijengwa na Whampoa miaka ya 1950 na 1960, na bado vinavuka.

Chombo ninachokipenda mimi ni boti ya zimamoto iitwayo Alexander Grantham, jina la gavana wa wakati huo, iliyojengwa na Whampoa mwaka 1953. Urefu wake ni karibu mita 39. Tutarudi kwake mwishoni.

Nani walikuwa mafundi?

Juu walikaa Waskochi, wengi wao waliofundishwa kazi kwenye karakana za Mto Clyde. Chini yao walikuwepo wanyapara wa Kikantoni, na chini ya wanyapara maelfu ya mafundi: wachongaji, wafua chuma, maseremala, wapiga rangi, wavuta kamba. Hata makazi yalifuata ngazi hiyo hiyo. Pale Quarry Bay ungali unaweza kuona nyumba moja ya matofali mekundu mlimani, Woodside, iliyokuwa ya wakubwa wa Taikoo. Mafundi waliishi chini, karibu na king'ora.

Kabla ya uchomeleaji kuenea, mabati ya meli yaliunganishwa kwa ribiti, yaani pini nene za chuma, na kazi hiyo ilifanywa na kikundi kama timu ndogo ya mpira. Mmoja anapuliza moto na kuzichoma ribiti hadi ziwe nyekundu kama pilipili iliyoiva. Anaishika moja kwa koleo anairusha. Wa pili anaidaka kwa kopo, anaichomeka kwenye tundu. Wa tatu anaikaza kwa upande mmoja kwa chuma kizito, wa nne upande wa pili anaigonga ifanye kichwa kabla haijapoa. Kisha nyingine. Zidisha mara maelfu, ndani ya tumbo la chuma linalorudisha mwangwi, kwenye joto la Julai la Hong Kong. Wazee wa kazi hiyo duniani kote walizeeka na uziwi.

Watu wa namna hiyo hawakukosa umoja. Mwaka 1920 mafundi wa mitambo wa Hong Kong, wakiwemo wa karakana, waligoma na kuondoka kwa makundi kwenda Guangzhou. Waajiri walisalimu amri na kutoa nyongeza ya mshahara iliyofika asilimia 32.5. Ushindi huo uliwafungua macho mabaharia, waliogoma mwaka 1922, kisha ukaja mgomo mkubwa wa 1925 na 1926 uliofunga bandari nzima. Taikoo ilitajwa tena mwaka 1967, wakati wa machafuko dhidi ya serikali ya kikoloni, pale wafanyakazi wake walipokuwa miongoni mwa wagomaji.

Vita vya Pili vya Dunia viliziathirije?

Vibaya. Hong Kong iliangukia mikononi mwa Wajapani siku ya Krismasi ya 1941, na karakana zikawa zao. Kwa kuwa zilitengeneza meli za Japani, ndege za Marekani zilizishambulia mwaka 1944 na 1945. Mabomu hayakuchagua. Hung Hom palikuwa makazi ya watu, na raia wengi walikufa. Baada ya vita magudi yalifukuliwa vifusi na kazi ikarudi, tena nyingi kuliko mwanzo, kwa sababu dunia nzima ilikuwa na upungufu wa meli.

Kama kazi ilikuwepo, kwa nini karakana hizi zilihamishwa kutoka Hung Hom na Quarry Bay?

Hili ndilo swali lenyewe. Utasikia majibu ya haraka: Wajapani waliwashinda, Wakorea waliwashinda. Si uongo. Japani ilikuwa ya kwanza duniani kwa ujenzi wa meli tangu mwaka 1956, na Korea Kusini ikaingia kwa kishindo miaka ya 1970. Lakini hiyo inaeleza kwa nini Hong Kong iliacha kujenga meli mpya kubwa. Haielezi kwa nini magudi ya matengenezo, yaliyokuwa na wateja, yalifukiwa.

Sababu ya kwanza ni ukubwa wa meli. Tangu Mfereji wa Suez ulipofungwa mwaka 1967, mafuta yalizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na wenye meli wakaagiza matangi makubwa ajabu ili safari ndefu ilipe. Mwaka 1972 gati ya kwanza ya makontena ilifunguliwa Kwai Chung, na meli za makontena zilizoanza kufika kutoka Ulaya zilikuwa na urefu wa karibu mita 290. Rudi uangalie urefu wa gudi la Taikoo: mita 240. Meli haikunjiki.

Ungeweza kuuliza, si wangeongeza urefu? Wangeweza, kama mji ungekuwa umesimama pale ulipokuwa mwaka 1902. Mji ulikuwa umewafuata hadi mlangoni. Taikoo ilipojengwa, Quarry Bay ilikuwa machimbo ya mawe na ufukwe. Miaka 70 baadaye ilikuwa katikati ya mji wenye watu karibu milioni nne, wengi wao wamebanana vyumba vya kukodi, na kila ekari tambarare iliyo karibu na barabara na bahari ilikuwa na bei ya dhahabu. Kwenye vitabu vya hesabu vya kampuni, gudi linaloingiza faida ya matengenezo lilionekana kama mtu aliyefuga kuku kwenye kiwanja cha Kariakoo. Mayai anapata, lakini jirani yake anajenga ghorofa.

Mimi nasimama hapo. Soko la meli lilizidhoofisha karakana hizi, na bei ya ardhi ndiyo iliyozihamisha. Ushahidi ni kwamba wenye karakana hawakufilisika. Wenyewe ndio waliojenga nyumba juu yake, na walitajirika zaidi kuliko walivyowahi kutajirika kwa ribiti na rangi.

Zilihamia wapi, na kwa utaratibu gani?

Zilihamia Tsing Yi, kisiwa kilichoko magharibi mwa bandari, ambacho wakati huo kilikuwa na wavuvi, matangi ya mafuta na viwanda vichache, na kilipata daraja lake la kwanza kwenda bara mwaka 1974. Mahasimu wawili waliamua kufunga ndoa: mwanzoni mwa miaka ya 1970 Swire na upande wa Whampoa waliunda kampuni ya ubia, nusu kwa nusu, iitwayo Hongkong United Dockyards. Watu wa hapo huiita HUD.

Taikoo ilitangulia. Mahali pake, kuanzia mwaka 1975, pakainuka Taikoo Shing, minara 61 yenye nyumba 12,698. Whampoa ilifuata kwa mwendo wa taratibu. Ujenzi wa Whampoa Garden juu ya magudi ya Hung Hom ulianza mwaka 1985 na kumalizika 1991: majengo 88, nyumba 10,431. Matawi madogo yalikuwa na mwisho kama huo huo. Magudi ya Aberdeen yakawa Aberdeen Centre, nyumba na maduka. Gudi la Cosmopolitan lililokuwa Tai Kok Tsui, ambalo Whampoa ililinunua mwaka 1880, likawa mtaa wa nyumba wenye jina lile lile.

Huko Tsing Yi hawakuchimba magudi ya mawe kama yale ya zamani. Walitegemea magudi yanayoelea. Unaweza kusema ni ufundi tu, maana yanainua meli pana zaidi na hayali ardhi. Mtu mwenye shaka kama mimi huongeza kwamba mwenye gudi linaloelea ni mpangaji asiyefungua begi.

Mbona watu husema karakana za Hong Kong zimefifia, wakati HUD bado ipo?

Ipo, na inafanya kazi: inatengeneza meli, inahudumia vivuko na mashua za serikali, na ina tawi la tagi na uokoaji linalofahamika bandarini. Kufifia kunaonekana ukipima na ilikotoka. Palipokuwa na karakana mbili za kulisha maelfu ya familia, na vitongoji vizima vilivyoamka kwa king'ora, pamebaki moja iliyoko pembeni mwa mji.

Baada ya kuhama, pigo lilitoka bara. China ilipofungua milango mwishoni mwa miaka ya 1970, na Shenzhen ikawa eneo maalumu la uchumi mwaka 1980, karakana zilijengwa saa chache tu kwa meli kutoka Hong Kong, zenye ardhi tele na mafundi wa mshahara mdogo. Hata kampuni za Hong Kong zenyewe zilifungua matawi huko. Vijana wa Hong Kong nao walikuwa na kazi nyingine: ofisi zenye kipoza hewa, benki, biashara. Nani amlaumu kijana kwa kukataa kukwangua kutu chini ya tumbo la meli? Bandari ya makontena iliendelea kushika nafasi ya kwanza duniani hadi mwaka 2004, kisha nayo ikaanza kushuka, na meli zisipopita hapo, hakuna sababu ya kutengenezewa hapo.

Jeshi la majini la Uingereza nalo lilikuwa na karakana yake; ilikwendaje?

Ilitangulia zote. Waingereza walifunga karakana ya jeshi lao mwaka 1959, katikati kabisa ya mji, na kuacha maelfu ya watu bila kazi. Gudi likafukiwa, barabara na maofisi yakajengwa. Kituo cha treni cha mahali hapo kinaitwa Admiralty kwa Kiingereza, na kwa Kikantoni Kam Chung, yaani kengele ya dhahabu, iliyokuwa kambini zamani. Watu wanabadilisha treni hapo kila siku bila kuwaza manowari.

Ni kweli Disneyland ya Hong Kong iko juu ya karakana?

Sehemu ya eneo lake, ndiyo, ingawa hiyo ni karakana nyingine: Cheoy Lee, ya familia ya Kichina, iliyokuwa Penny's Bay kwenye kisiwa cha Lantau na kujulikana kwa mashua za starehe na vivuko. Serikali ililichukua eneo mwaka 2001 kwa kulipa fidia, na kampuni ikahamishia kazi bara, upande wa Zhuhai. Walipopima udongo waliukuta na sumu, ukiwemo kiasi cha mita za ujazo 30,000 chenye dioksini, na ikabidi usafishwe kwa mamia ya mamilioni ya dola za Hong Kong. Kisa hiki hakisemwi sana kwenye tiketi za Mickey Mouse. Anayedhani karakana ya meli ni mahali pa kuonea fahari tu, akumbuke pia rangi za sumu na taka zinazochomwa nyuma ya uzio.

Je, Whampoa hii ndiyo ile iliyokuwa ikifanya kazi kwenye bandari ya Dar es Salaam?

Ndiyo, jina ni hilo hilo. Mwaka 1977 kampuni ya magudi iliunganishwa na nyumba ya biashara ya Hutchison, ikawa Hutchison Whampoa. Hisa kubwa ilikuwa mikononi mwa HSBC, benki ya yule Sutherland. Mwaka 1979 benki iliuza asilimia 22.4 kwa Li Ka-shing, tajiri aliyeanza na maua ya plastiki, kwa dola za Hong Kong milioni 639. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mchina kushika moja ya zile nyumba kubwa za Waingereza.

Chini yake, kampuni ikaendelea kuuza nyumba za Whampoa Garden na kusambaza biashara ya gati za makontena nchi za nje: Felixstowe huko Uingereza mwaka 1991, halafu kwingine na kwingine. Mwaka 2000 uendeshaji wa gati za makontena za Dar es Salaam ulikabidhiwa kwa kampuni ya TICTS, na kufikia mwaka uliofuata Hutchison ikawa mwenye hisa mkuu. Mkataba huo uliisha Desemba 2022. Kwa zaidi ya miaka 20, kila aliyekuwa na kontena bandarini, akihesabu siku za tozo na kumpigia simu wakala wake asubuhi na jioni, alikuwa na jambo na wajukuu wa magudi ya Hung Hom, ajue asijue. Jina la Whampoa lenyewe liliondolewa mwaka 2015, kampuni ilipopangwa upya na kuitwa CK Hutchison.

Na kule Huangpu kwenyewe, kulibaki nini?

Hapa ndipo napenda kuwaona watu wakikuna kichwa. Magudi yale ya Couper, yaliyouzwa mwaka 1876, yalikuwa kwenye kisiwa cha Changzhou, kile kile kilichokuja kuwa na chuo cha kijeshi cha Whampoa mwaka 1924. Serikali baada ya serikali iliendelea kuyatumia na kuyapanua. Karakana ya Huangpu ya leo, iliyo chini ya shirika la taifa la ujenzi wa meli la China, inahesabu ukoo wake kuanzia gudi la Couper. Wanajenga meli za kisasa, za kijeshi na za kiraia. Wenye jina walihamia Hong Kong, wakaacha meli, wakauza nyumba. Waliobaki na shimo la mawe bado wanagonga chuma.

Nikiwa na siku moja, nikaone wapi?

Panda MTR, treni ya mjini, hadi kituo cha Whampoa, kilichofunguliwa mwaka 2016. Meli ya zege iko hatua chache. Ukiisha kupiga picha, tembea mitaa ya zamani ya Hung Hom na usome vibao: kuna Dock Street, na kuna Gillies Avenue, iliyopewa jina la David Gillies, aliyekuwa meneja wa magudi. Hakuna gudi, lakini mitaa bado inaelekea lilipokuwa.

Vuka bandari kwa Star Ferry, ukae sitaha ya chini karibu na injini ukitaka kusikia kazi ya Whampoa ikipumua. Kisha chukua treni hadi Quarry Bay au Taikoo. Hapo utakuta Shipyard Lane, na mtaa ambao jina lake kwa Kikantoni ni mtaa wa kiwanda cha sukari. Pita kati ya minara ya Taikoo Shing hadi ufukweni, kwenye bustani ya Quarry Bay.

Hapo ndipo ilipo Alexander Grantham. Ilistaafu mwaka 2002, ikainuliwa kutoka majini na kuwekwa nchi kavu, na tangu 2007 ni makumbusho, kuingia ni bure. Ilijengwa Hung Hom. Januari 1972 ilikuwa miongoni mwa boti zilizopambana na moto wa meli kuu ya zamani ya Waingereza, Queen Elizabeth, iliyokuwa imenunuliwa na tajiri wa meli C. Y. Tung kufanywa chuo kikuu kinachoelea. Meli hiyo ilishika moto karibu na Tsing Yi, ikalala ubavu na haikuinuka tena. Na sasa boti yetu imekaa Quarry Bay, jirani na ilipokuwa Taikoo. Nenda nyuma yake, upande wa chini, palipokuwa majini siku zote: rafadha ziko wazi kwa macho yako, usukani uko wazi, na ukisogea karibu utaona tabaka za rangi. Wamezipiga upya, na mtu wa karakana angekuambia mara moja kwamba hii haikwanguliwa vizuri.